Bustani ya watoto ijengwe wanakoishi watoto

Majuma machache yaliyopita, mwalimu mmoja rafiki yangu, anayefundisha katika shule moja hapa Eastlands, alinikaribisha nyumbani kwake Kariokor. Baada ya chai alinitwika rundo la madaftari ili nimsaidie kuyapitia. Alikuwa amewapa wanafunzi wake insha yenye kichwa hiki: "Wawekezaji wanakusudia kujenga bustani mpya ya burudani jijini Nairobi. Chagua mahali panapofaa, ukitoa sababu zako."

Zaidi ya nusu ya wanafunzi hao waliipeleka bustani hiyo Karen, Lang'ata, Westlands au Naivasha. Sababu zao zilifanana kana kwamba waliandika wakiwa wameketi dawati moja: huko kuna nafasi, huko kuna barabara nzuri, huko kuna usalama, na huko ndiko wanakofika wageni. Msichana mmoja tu ndiye aliyeandika kwamba ijengwe papa hapa Kariokor, "kwa kuwa tutaenda kwa miguu na kurudi kabla ya giza kuingia." Insha yake ilikuwa fupi mno, na mwalimu alikuwa amempa alama chache.

"Mwalimu, huyu umemwonea," nilimwambia.

"Sikumwonea," akanijibu. "Hoja moja haijengi insha."

Mwalimu alisema kweli. Hata hivyo, nilipokuwa nikirudi kwangu jioni ile niliendelea kuifikiria hoja ile moja, na kadiri nilivyoifikiria ndivyo nilivyozidi kuamini kuwa inazishinda zote za wenzake. Makala haya basi, ndugu msomaji, ni jaribio la kumkamilishia binti huyo insha yake.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Bustani ya burudani ninayoikusudia hapa ni mahali palipotengwa kwa ajili ya furaha: pana bembea, gurudumu kubwa linalompandisha mtu juu akauona mji wote, farasi wa mbao wanaozunguka, treni ndogo, vidimbwi vya kuchezea na vivuli vya wazazi kupumzikia. Wapo watakaosema kuwa nchi yenye njaa na ukosefu wa kazi haina haja na mambo hayo. Hao nitawakumbusha kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990, unaitaja katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kwa mujibu wa mkataba huo, mchezo ni haki ya mtoto awe wa tajiri au wa maskini. Maadamu ni haki, basi mahali pa kuutekelezea hapawezi kuchaguliwa kwa kufuata wenye magari peke yao.

Waliotutangulia katika biashara hii waliuliza maswali gani walipokuwa wakichagua mahali? Mwaka 1953, Walt Disney wa Marekani aliwaajiri wataalamu wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford wamtafutie pahali pa kujenga bustani yake ya kwanza. Wataalamu hao walipima hali ya hewa na bei ya ardhi, lakini zaidi ya yote walitazama watu wa eneo la Los Angeles walikuwa wakihamia upande gani, na barabara kuu mpya zingepita wapi. Ndipo walipochagua mashamba ya michungwa huko Anaheim, kando ya barabara kuu iliyokuwa ikijengwa, na bustani ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Yaani walianza kwa kuwatafuta watu, kisha ndipo wakatafuta ardhi. Kwa kuwa watu wao walikuwa na magari, walifuata barabara ya magari.

Zaidi ya karne moja kabla ya hapo, mwaka 1843, Georg Carstensen wa Denmark alifungua bustani ya Tivoli jijini Copenhagen. Aliijenga penye ngome za zamani, nje kidogo tu ya lango la magharibi la mji, mahali ambapo fundi viatu na familia yake wangefika kwa miguu siku ya Jumapili. Hadi leo ipo katikati ya jiji hilo, jirani na kituo kikuu cha reli. Inasimuliwa kuwa Carstensen alimshawishi Mfalme Christian wa Nane ampe kibali kwa kumwambia kuwa watu wanaoburudika hawana wakati wa kufikiria siasa. Sikubaliani na hoja hiyo, nami nitairudia hapo mbele. Lakini katika suala la mahali, Carstensen alipatia: watu wake walikuwa wakienda kwa miguu, naye akajenga pale miguu yao ilipoweza kufika.

Sasa tuje nyumbani. Watoto wa Nairobi wanaishi wapi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 4.4 katika jiji hili. Embakasi peke yake ilikuwa na karibu watu 989,000, Njiru zaidi ya 626,000, Kamukunji zaidi ya 268,000 na Makadara karibu 190,000. Maeneo hayo manne ya mashariki yana watu zaidi ya milioni mbili, nami sijaitaja Mathare wala Starehe, ambamo Kariokor imo. Westlands, kwa upande wake, ilikuwa na watu wapatao 309,000, nayo Lang'ata haikufika hata 200,000. Kama tungewaazima wale wataalamu wa Stanford na ramani zao, wangetuelekeza mashariki bila kusitasita.

Lakini mwaka 2017, jiji lilipopata bustani ya kisasa yenye gurudumu kubwa, ilikuwa katika jumba la maduka la Two Rivers, kando ya barabara ya Limuru. Siwalaumu waliojenga huko. Mfanyabiashara huufuata mfuko ulipo. Nataka tu msomaji apige hesabu ya mama wa Kariokor mwenye watoto watatu. Atapanda matatu hadi mjini, au aende kwa miguu ili aokoe nauli, kisha apande nyingine ya kumfikisha huko. Akifika atanunua tikiti za michezo, awatafutie watoto chakula, na safari ya kurudi bado inamngoja. Kwa mama anayeuza mboga, siku hiyo moja itameza mapato ya siku nyingi. Kwa hiyo hatakwenda, na watoto wake watalijua gurudumu kubwa kwa picha tu.

Bustani ya burudani ya watu wa Eastlands, kwa muda wote ninaoukumbuka, imekuwa Uhuru Park. Mimi nililelewa Kariokor. Siku za kawaida tulicheza bano na brikicho katikati ya nyumba, tukaviringisha ringi za baiskeli, na wasichana wakacheza kati na kuruka blada. Ilipofika Krismasi au Idd tulivishwa nguo mpya, tukashikana mikono, tukavuka mji mzima kwa miguu hadi Uhuru Park. Huko kulikuwa na mashua kwenye ziwa dogo, wapiga picha, na wauza baluni. Aliyekuwa na shilingi chache alipanda mashua, na aliyekosa alijilaza kwenye nyasi akawatazama wenzake, naye hakufukuzwa na mtu. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1969, na nadhani haijapata kutokea nyingine iliyowapa furaha watoto wengi zaidi wa jiji hili.

Bustani hiyo nusura tuipoteze. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga humo jumba la orofa sitini. Marehemu Profesa Wangari Maathai alisimama karibu peke yake kuupinga, akatukanwa na kudhihakiwa hadharani, hata Bungeni. Hakurudi nyuma, na mwishowe mpango huo ukaachwa. Kila mtoto aliyejilaza kwenye nyasi zile baada ya hapo ana deni kwa mama huyo.

Hapa ndipo insha ya binti yetu inapokabiliwa na swali gumu kuliko yote. Kama bustani mpya itajengwa Kariokor au jirani yake, itajengwa juu ya ardhi gani?

Wapo watakaokimbilia kunyoosha kidole kuelekea uwanja wa Kamukunji, au kiwanja cha shule fulani, au kipande cha nyasi kati ya mitaa, waseme, "Pale patupu." Ndugu msomaji, katika Eastlands hakuna patupu. Kiwanja ambacho mgeni anakiona hakina kitu ndicho uwanja wa kandanda wa watoto mia mbili kila jioni. Kamukunji nayo, pamoja na kuwa mahali pa michezo, ni mahali pa historia: huko ndiko wananchi walikoitwa kukutana tarehe 7 Julai 1990, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, kudai mfumo wa vyama vingi. Kuweka farasi wa mbao mahali hapo ili watu waburudike wasahau kufikiri kungekuwa kuutimiza ule ushauri wa Carstensen kwa mfalme wake. Taifa lililo huru linahitaji mahali pa kuchezea na mahali pa kukutania, na moja lisimezwe na jingine.

Tumekwisha kuonywa kuhusu viwanja vinavyoitwa vitupu. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, vikiwamo viwanja vya michezo na ardhi za shule, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walipotoka kuutetea uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta, polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi. Ukuta uliangushwa, uwanja ukarudi, lakini picha za watoto wale waliovaa sare huku wakifuta macho hazitasahaulika upesi. Bustani ya watoto haiwezi kuanza kwa kuwanyang'anya watoto uwanja. Mwekezaji asiyeweza kujenga bila kuwanyang'anya, na asijenge.

Wengine watapendekeza kingo za mto Nairobi, unaopita hapa hapa kati ya Kariokor na Gikomba. Kwao jibu langu ni ndiyo na hapana. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilitukumbusha kuwa mto una njia yake. Watu walikufa, na waliokuwa wakiishi karibu na mito waliamriwa kuhama, nyumba nyingi zikabomolewa. Haitakuwa haki kumbomolea maskini kibanda chake ukingoni, kisha tukamruhusu tajiri asimike mitambo na saruji pale pale. Ukingo wa mto uachiwe miti, nyasi na njia za kutembelea. Bustani ya Michuki, si mbali na Ngara, ilikuwa jaa la taka kabla ya marehemu John Michuki kuanza kuisafisha alipokuwa Waziri wa Mazingira. Mfano huo ukiendelezwa kuufuata mto hadi Kariokor na kupita, watoto watapata bembea za bure na kivuli. Mitambo mizito itafutiwe mahali pengine palipo salama.

Mahali hapo, kwa maoni yangu, papo, lakini patakuwapo kwa muda mfupi tu. Mitaa ya zamani ya Eastlands inajengwa upya. Nyumba ndogo za enzi ya ukoloni zinabomolewa na maghorofa yanachukua nafasi zake. Huko Park Road, Ngara, mwendo wa dakika chache kutoka Kariokor, zimekwisha kujengwa nyumba 1,370 chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Mitaa mingine jirani imo katika mipango hiyo hiyo. Ghorofa moja huweka juu ya kiwanja kimoja familia ambazo zamani zingejaza mtaa mzima. Familia hizo zina watoto, na watoto hao hawataishi ndani ya lifti. Sasa hivi, kabla ramani hazijapigwa mhuri, ndio wakati wa kutenga ekari chache katika kila mpango kwa ajili ya michezo, na katika mmoja wao kutenga eneo la kutosha bustani kamili ya burudani. Majengo yakishasimama, hakuna atakayeyabomoa ili aweke bembea.

Nina sababu nyingine ya kuitaja Kariokor. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wachukuzi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918. Kambi yao ilikuwa hapa, na kutokana na maneno "Carrier Corps" wenyeji wakapata "Kariokor", kama ndugu zetu wa Dar es Salaam walivyopata "Kariakoo". Maelfu kwa maelfu ya wachukuzi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita visivyokuwa vyao. Mwishoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji lilijenga hapa makao ya wafanyakazi wa Kiafrika, wanaume waliotarajiwa kuja mjini kufanya kazi bila wake wala watoto. Kwa hiyo mtaa huu, tangu ulipoanza, haukupangiwa mtoto. Mtoto alikuja baadaye, akajitafutia pa kuchezea kati ya kuta na mitaro. Nadhani baada ya karibu miaka mia moja umefika wakati wa kumpangia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni usalama. Watasema Eastlands kuna vibaka, wageni hawatafika. Lakini wageni wanafika Kariokor tangu zamani: huja sokoni kununua vyondo na viatu vya ngozi, wakala nyama choma na kurudi walikotoka wakiwa salama. Isitoshe, mahali penye taa, watu na kazi huwa pagumu kwa mwizi kuliko kichochoro chenye giza. Kijana anayelipwa kwa kuendesha gurudumu hana haja ya kumvizia mpita njia.

La pili ni faida. Watasema maskini hawana fedha. Mwenye kusema hivyo hajawahi kusimama Gikomba asubuhi akaona fedha zinavyopita mikononi. Shilingi hizo ni ndogo, lakini ni nyingi. Bustani ya Eastlands itaishi kwa wingi wa watu, na kiingilio chake kiwe bure au kidogo kabisa, kila mchezo ulipiwe kivyake, kama zilivyolipiwa mashua za Uhuru Park. Nao mafundi wa Kariokor na wachuma wa jua kali wa Kamukunji wapewe kazi ya kutengeneza bembea na viti. Hao wanaoweza kugeuza pipa kuwa sanduku hawatashindwa na bembea.

La tatu ni kwamba mambo haya yaamuliwe na wataalamu. Nakubali kuwa wataalamu wanahitajika, kwani mtambo wenye hitilafu unaweza kuua. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya uongozi. Mkutano wa kuchagua mahali pa bustani usiitishwe hotelini saa nne asubuhi siku ya kazi. Uitishwe Kariokor, Jumamosi alasiri, kwa lugha inayoeleweka, na watoto nao waulizwe.

Kwenu walimu, nina ombi. Msiiache mada hii iishie katika daftari. Watoeni wanafunzi nje ya darasa wakiwa na karatasi na penseli, wachore ramani ya kila kiwanja kilichobaki katika mtaa wa shule yenu, waandike ni nani anakitumia na saa ngapi. Hilo ni somo la jiografia, la uraia na la lugha kwa wakati mmoja. Na ikitokea siku moja mtu akaja na stakabadhi akidai kuwa kiwanja hicho kilikuwa kitupu, mtakuwa na ushahidi wa kumwonyesha.

Nanyi wanafunzi mliozipeleka bustani zenu Karen na Naivasha, siwalaumu. Tumewalea mkiamini kuwa mambo mazuri hukaa mbali na kwenu, na kwamba ili mtu afurahi sharti apande gari. Mwenzenu mmoja amekataa kuamini hivyo. Kariokor imo katika eneo bunge liitwalo Starehe. Haitakuwa kosa watoto wake wakiionja maana ya neno hilo.

Mwalimu, hoja za binti yule sasa zimetimia. Nakuomba uliite daftari lake tena, umpe alama zake.